Kipele cha Ng'

Ukipita mtaa wa mafundi, utaisikia charahani ya Bi Sindano kabla hujamwona mwenyewe. Charahani ile haishoni nguo, inaandika. Kwa miaka ishirini na sita mama huyu amedarizi maneno kwenye vifua na migongo ya watu asiowajua: MLINZI, MPISHI, USALAMA KWANZA, na majina ya makuli wa ghala zima. Shule aliiachia kidato cha pili, lakini herufi anazijua kwa vidole, kama mchagua mchele anavyoyajua mawe.

Alipokuwa bado mgeni kazini aliwahi kudarizi mashati kumi na mawili ya kamati ya maji, na kila shati likatoka limeandikwa MAJI SALAMU. Wanakamati walicheka, wakasema watayavaa hivyo hivyo, maji nayo yana salamu zake. Yeye hakucheka. Alichukua wembe, akakaa siku mbili akifumua U kumi na mbili na kutia A mahali pake. Tangu hapo akawa na msemo wake: anayeogopa kufumua asishike sindano. Mumewe, fundi baiskeli ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta uleule, ameusikia msemo huo mara nyingi kiasi kwamba mkewe akiuanza, yeye humalizia huku anapuliza mpira wa tairi.

Kwa hiyo haikuwa ajabu Wenzi wa Chaki walipomfuata. Hao ni watu wa kujitolea, ishirini na wawili kwenye orodha, saba au wanane kwenye mkutano. Kazi yao ni kuwashika mkono walimu wa kisomo cha watu wazima: kuwachorea chati, kuwachongea penseli, kuwabebea wanafunzi wao watoto wachanga kipindi kinapoendelea, kuwashikia zamu wakiugua. Pia hutunga vijitabu, kwa sababu vitabu vya watoto vinawaaibisha watu wazima. Nani mwenye wajukuu anataka kusoma habari za mpira uliodumbukia kisimani? Bi Sindano alipewa cheo cha mhakiki. Nyuma ya kila kijitabu, chini kabisa, kuna mstari mdogo: Kimehakikiwa na Bi Sindano. Huupenda mstari huo kuliko anavyokubali.

Kijitabu cha tatu kilikuwa cha sauti ngumu, na ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa wa ng na ng'. Wasomi wana jina la kile kialama kinachokaa juu, wanakiita ritifaa. Darasani mwalimu alikiita kipele, wanafunzi wakacheka, na kwa kuwa walicheka hawakukisahau. Ng isiyo na kipele ni ya ngoma na ngazi. Ng yenye kipele ni ya ng'ombe.

Mwalimu mwenyewe alifika kibandani Jumatatu moja asubuhi, mwembamba kuliko alivyokuwa mwezi uliotangulia, maana ndiyo kwanza ametoka hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Pole na kuumwa. Kaa."

"Sikai. Nikikaa nitalia." Akaweka kijitabu juu ya overoli iliyokuwa kwenye fremu ya kudarizi. "Soma hapo. Lakini soma kilivyoandikwa, usisome unavyojua wewe."

Bi Sindano akashusha miwani kutoka kichwani. Ngombe wa jirani amengoa kigingi. Mbwa amemngata mlinzi. Bibi ananungunika. Alisoma kwa sauti, na kila neno likamkaa mdomoni kama kijiwe.

"Kipele kiko wapi?" akauliza.

"Si ndicho ninachokuuliza mimi?"

Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu. Hakuna. Kitabu kizima hakikuwa na kipele hata kimoja. Mwalimu akamweleza yaliyotokea, akiwa bado amesimama, mkono umeshika kizingiti.

Wiki mbili alizolazwa, Wenzi wa Chaki walimpeleka mtu wa kushika zamu, mama mmoja mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Walipofika ukurasa wa kumi na mbili, muuza maziwa, mwanafunzi hodari kuliko wote, aliinua mkono. Mbona sisi tunasema ng'ombe? Mshika zamu akaangalia kitabu, akamwangalia muuza maziwa, akasema, "Fuata kitabu, mama. Kitabu hakikosei." Na muuza maziwa akafuata. Alikwenda nyumbani akajizoeza kusema ngombe, kwa kishindo, kama anayesema ngoma. Alijifunga kuusahihisha mdomo wake wa miaka hamsini na tatu. Kisha akatafuta ubao na rangi nyeupe, akaandika kwa mkono wake kibao cha kwanza maishani mwake, akakitundika mbele ya kibanda: MAZIWA YA NGOMBE.

"Wifi yake ndiye aliyeanza kucheka," alisema mwalimu. "Mtoto wa huyo wifi, wa darasa la sita, ndiye aliyemsomea mama yake kibao. Halafu wateja nao. Mmoja akampiga picha. Wakawa wanamwita hivyo hivyo, 'Mama Ngombe, nipe lita moja.' Akakishusha. Vipindi vitatu hajaja. Na yule ndiye aliyewaleta wenzake, mama, nyumba kwa nyumba. Walikuwa kumi na mmoja. Juzi walikuwa watano. Asiporudi, mwezi ujao nitafundisha mabenchi."

Alipoondoka, Bi Sindano alifunua sanduku la nyuzi, akatoa mswada wake, ule alioupitia kwa kalamu nyekundu. Vipele vyote vilikuwepo. Alivihesabu: arobaini na kimoja. Moyo ukamtulia, na ulitulia zaidi ya ulivyostahili, kwa sababu ambayo hakutaka kuifikiria wakati ule.

Alipiga picha kurasa zote mbili, mswada na chapa, akazituma kwenye kundi la simu la Wenzi wa Chaki, na chini yake akaandika kwa uangalifu: *Tumepotosha madarasa kumi na moja. Tuvirudishe vijitabu vyote vikatiwe alama kwa mkono. Nitaanza mimi.* Majibu yakaja haraka. Vidole gumba sita. Ua moja. Mikono miwili inayosali. Mtu akauliza mkutano uko saa ngapi. Mwingine akaandika: *Lakini dada sote tunaandika ngombe kwenye simu na dunia haijaanguka.* Mwisho kabisa mwenyekiti: *Asante kwa mchango wako mzuri. Tutalijadili kwa mapana yake.*

"Wamesemaje?" mumewe aliuliza kupitia ufa wa ukuta.

"Wamenipa ua."

"Shukuru. Mimi hunipi hata hilo."

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye ukumbi mdogo nyuma ya zahanati, viti vya plastiki, feni inayozunguka bila kupuliza. Mwenyekiti ni mstaafu wa ofisi ya vipimo na mizani, mtu mpole ambaye hajawahi kuamua jambo siku hiyohiyo. Alifungua kwa kuwashukuru waliohudhuria, wasiohudhuria na waliotoa udhuru. Ajenda ya vipele ilikuwa ya tano, baada ya rangi ya fulana.

Rangi ya fulana ilichukua saa nzima.

"Ndugu zangu," alisema mwenyekiti walipoifikia ya tano, "tusigombane kwa ajili ya nukta."

"Si nukta, mwenyekiti," alisema Bi Sindano. "Nukta hukaa chini. Hii hukaa juu, na ikitoka neno linakufa."

"Basi tumsikilize mtaalamu wetu."

Mtaalamu alikuwa Bwana Picha, mwenye studio, anayewapangia kurasa bure kwenye kompyuta yake. Alisimama, akafuta paji la uso. "Jamani, mimi nilisafisha tu. Mlinipa karatasi zimepigwa chapa kwa mashine ya zamani, zina madoadoa kama kanga. Kompyuta yangu ina kitu cha kusafisha. Unabonyeza, kidoa chochote kidogo kinaondoka. Sasa, hivyo vipele, machoni mwa kompyuta..."

"Ni madoa," mtu akamalizia, na watu wakacheka.

"Umefua nguo mpaka vifungo vimetoka," alisema Bi Sindano. Yeye hakucheka.

"Lakini dada, mimi nilipeleka nakala ya kwanza kwa..."

"Tusinyoosheane vidole," mwenyekiti akamkata. "Sisi ni wamoja. Hakuna aliyekosa. Ni mambo ya kiufundi."

Bwana Picha akakaa. Bi Sindano akamtazama, kisha akatazama sakafu. Alijua sentensi ile ilikuwa inaishia wapi. Nakala ya kwanza ilipelekwa kwake. Bwana Picha aliileta mwenyewe, siku ambayo overoli arobaini zilikuwa zinangojewa na lori. Charahani ilikuwa inakwenda, na yeye hakuinua mguu kwenye pedali. Aliangalia jalada, akaangalia mstari ule mdogo wa nyuma kama upo, akasema, "Imekaa vizuri. Chapa." Sasa angeweza kuisema. Watu wanane tu walikuwa pale, nao wasingemla. Lakini mwenyekiti alikwisha sema hakuna aliyekosa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo neno la mwenyekiti lilimpendeza. Akanyamaza, na kunyamaza huko kukamchoma kuliko fulana na feni na vidole gumba vyote.

Alirudia ombi lake la kukusanya vijitabu. Likapigiwa kura, likashindwa. Kuvikusanya, walisema, kutaonekana vibaya. Ikaamuliwa itolewe karatasi ya masahihisho.

"Karatasi ya masahihisho," alirudia Bi Sindano, "kwa watu wanaojifunza kusoma?"

"Watasomewa."

"Na nani?"

"Na walimu. Kwani sisi si tunawasaidia walimu?"

Karatasi ilitoka baada ya siku tisa. Wakati huo darasa la mwalimu lilikuwa limebaki na wanne. Mshika zamu alimletea Bi Sindano nakala yake kibandani, amefurahi, kwa kuwa kazi imekamilika. Ilianza hivi: *Wasomaji wapendwa mnaombwa kuzingatia kuwa, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, neno ngombe lililo ukurasa wa 12 lisomeke ngombe, neno ngoa lisomeke ngoa, neno nungunika lisomeke nungunika.* Na kuendelea hivyo mpaka chini, maneno arobaini na moja.

Bi Sindano aliisoma mara mbili. Halafu akampigia Bwana Picha simu.

"Umeisafisha na hii?"

"Dada, ile kompyuta siku hizi inajisafishia yenyewe. Sikuigusa, wallahi."

Mumewe aliomba aone. Aliishika kwa ncha za vidole kwa ajili ya grisi, akasoma taratibu, mabega yakaanza kutikisika. "Mmewaandikia barua wasiojua kusoma kuwaomba wasome vizuri," alisema alipopata pumzi, "na barua yenyewe mmekosea. Kesho mtu akiniletea tairi lenye pancha, nitambadilishia lingine lenye pancha, nimwambie zingatia."

"Unacheka?"

"Nifanyeje, mke wangu? Wewe unanung'unika tangu mwezi uanze, na hujatoka hapo kwenye kiti. Huyo mama wa maziwa umemwona kwa macho?"

Bi Sindano hakuwa amemwona. Alikuwa ameandika, amepiga simu, amesema mkutanoni, lakini hakuwa amekwenda. Alizima charahani, akafunga kanga yake ya pili mabegani, akaenda.

Kibanda cha maziwa kilikuwa nyuma ya kituo cha afya, mabirika mawili ya alumini, vipimo vimening'inizwa kwa urefu, na mwanamke mpana mwenye mikono safi sana. Juu ya mlango misumari miwili ilibaki haina kitu.

"Karibu, dada. Lita ngapi?"

"Sijaja kununua. Natoka kwa Wenzi wa Chaki."

Mwanamke akaendelea kufuta kipimo. "Aha. Wenye kitabu kisichokosea."

"Nimekuja kukuomba urudi darasani."

"Mwalimu alikuja. Nilimwambia sina neno naye, alikuwa mgonjwa. Wewe ni nani humo?"

"Mhakiki. Nakagua maneno kabla hayajachapwa." Na hapo Bi Sindano akaanza kueleza: mashine ya zamani, madoadoa, kompyuta ya studio, mkutano, kura, karatasi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, hakuruka kitu ila kimoja. Muuza maziwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kijitabu kutoka chini ya meza, kimekunjamana, kimeingia maziwa pembeni, akakifungua.

Kila mahali kipele kilipotakiwa palikuwa na alama ya mkaa.

"Umeandika wewe?"

"Nani mwingine? Nilikaa hapa, nikasoma kwa sauti, neno moja moja, kama ninavyosema na ng'ombe wangu zizini. Lililokataa mdomoni nikalitia alama. Kwa hiyo usidhani sijaja kwa kuwa sijui. Sijaja kwa kuwa nimejua." Akapiga kijitabu kwa kidole. "Nilikuwa nasema sawa tangu nizaliwe. Mkaniambia siyo. Nami nikawaamini, nikauacha mdomo wangu mwenyewe nikashika karatasi. Watu wakanicheka, na wakati wanacheka, katika ninyi nyote hakuna aliyekuja kusimama hapa kuniambia kosa si langu. Umekuja leo na habari za kompyuta."

"Ni kweli kompyuta ndiyo..."

"Dada, maziwa yakichacha mteja hanijii na habari za birika. Ananiuliza nani aliyaonja. Nami nakuuliza hilo tu. Kabla hakijachapwa, nani alikitazama?"

Bi Sindano alifungua mdomo kusema *kamati*. Neno lilifika kwenye meno likakwama.

"Mimi," akasema.

"Ulikitazama ukaona sawa?"

"Sikukitazama. Nilisema nimekitazama. Nilikuwa na kazi ya watu, nikaangalia jalada na jina langu. Mkutanoni pia nimeficha. Wanadhani ni mtu wa studio."

Mteja mmoja akaja, akauziwa, akaenda zake. Bi Sindano alisimama pale pale na uso unaowaka, akihisi kwamba wakati wa MAJI SALAMU hakuwa ameaibika hata robo ya hivi.

"Kumbe," alisema muuza maziwa hatimaye. Hakukuwa na huruma ndani yake, lakini hakukuwa na dharau pia. "Hayo niliyotaka kusikia ni maneno mawili, umenizungusha nusu saa. Kipindi ni lini?"

"Kesho. Saa kumi."

"Na wenzangu utawaambia hivyo hivyo? Si kompyuta?"

"Nitawaambia."

"Nitapita kwao leo. Lakini ukianza na kompyuta, natoka nao wote."

Kesho yake saa kumi walikuwa tisa. Wawili hawakuja na inasemekana hawatakuja. Mmoja amesema amezeeka mno kwa kuchekwa. Bi Sindano alisimama mbele ya ubao, mwalimu akiwa pembeni amekunja mikono, akasema lililomleta kwa sentensi tatu. Hakuna aliyempigia makofi. Bibi mmoja wa benchi la nyuma alimuuliza kama ana uhakika vitabu vya kwanza na vya pili alivitazama. Akajibu kwamba vile, ndiyo. "Tutaona," alisema bibi, na akaandika kitu kwenye daftari lake, herufi kubwa kubwa, bila haraka.

Kisha kazi ikaanza, nayo haikwenda kama alivyopanga. Alikuja na orodha yake ya maneno arobaini na moja, akitaka awasomee, wao watie alama kwa kalamu. Muuza maziwa akaikataa orodha. "Weka chini hiyo. Tunaanza na midomo." Wakaanza kusoma kwa zamu, na sasa, kwa kuwa walikwisha danganywa mara moja, hawakuamini neno lolote. Walitilia shaka mpaka jina la kijitabu. Mwanamke mmoja alitia kipele kwenye ngazi.

"Hiyo haina," alisema Bi Sindano.

"Wewe ndiye unayesema," alijibu mwanamke, na darasa likaguna kwa kumkubalia.

"Ni kweli haina, mama, ni ngazi tu."

"Hata ngombe mlisema ni kweli."

Bi Sindano alimwangalia mwalimu, akitafuta msaada. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani, na ni wazi alikuwa anajizuia kucheka. Simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mwenyekiti, kwamba kamati ndogo ya lugha imeundwa na itakutana baada ya wiki tatu, mhakiki aje na maoni kwa maandishi. Aliirudisha simu mfukoni. Neno ngazi lilikuwa bado linagombaniwa, wanne wanataka kipele, watano hawataki, na yeye, aliyeshika uzi na herufi miaka ishirini na sita, hakuwa na kura.

"Simameni," alisema muuza maziwa. "Kila mtu apande ngazi ya kwao, kichwani. Mmepanda? Haya, semeni mmepanda nini."

"Ngazi," walisema.

"Tena."

"Ngazi!"

"Kipele kiko wapi hapo?"

Wakatazamana. Yule mwanamke alilamba kidole, akakifuta kipele chake taratibu, karatasi ikachubuka kidogo. Halafu akainua macho kwa Bi Sindano. "Nimekifuta kwa sababu mdomo umekataa," alisema. "Si kwa sababu umesema wewe."

"Sawa," alisema Bi Sindano, akavuta benchi, akaketi kati yao, akafungua kijitabu ukurasa wa kumi na tatu. Yalikuwa yamebaki maneno thelathini na mawili, na zamu ya kusoma ilikuwa yake.